Oili ya Kwanza ya Pijo la Marehemu

Injini hupunguza oili, haiongezi. Fundi Gaudence alilijua hilo kama alivyolijua jina lake, ndiyo maana asubuhi ile alipochomoa stiki ya oili kwenye lile Pijo la zamani, akaifuta, akaichomeka na kuichomoa tena, alibaki ameikodolea macho. Oili ilikuwa imevuka alama ya juu. Jana aliiacha katikati.

Akafikiria maji, lakini maji yangeifanya iwe nyeupe kama chai ya maziwa. Akafikiria petroli, akanusa. Haikunuka petroli. Ilinuka ugoro.

"Nani kaongeza oili humu?" aliuliza.

"Hakuna aliyegusa," alijibu Abdulhamid, mwenye gari, akijishikiza mlangoni. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Fundi, hebu nipe kitu nikae. Kichwa kinazunguka."

Gari lilikuwa la marehemu baba yake, mzee Bashiru, mvuta ugoro aliyekuwa akinunua korosho kule Nakapanya. Mzee alipofariki, Abdulhamid, mtumishi wa ofisi moja mjini Songea, alilivuta gari mpaka nyumbani kwake Matogoro, akamleta na mama yake, Bi Chiku. Gari alilitafutia fundi mzuri kuliko wote. Mama alimtafutia chumba cha uani, akamnunulia godoro, akaona amemaliza. Asubuhi alipita na "shikamoo mama" bila kusimama, jioni alirudi na simu sikioni. Bi Chiku alikula peke yake, akatandika peke yake, na siku nyingine sauti yake mwenyewe aliisikia wakati wa kufukuza kuku tu.

Gaudence alikuwa ameifungua injini yote, akaweka ringi mpya za pistoni na beringi mpya. Ilipobaki kuchagua oili ya kuiwashia mara ya kwanza, Abdulhamid alitaka ile ya kisasa, nyepesi, ya bei.

"Hiyo inateleza mno," Gaudence alikataa. "Ringi mpya na silinda lazima zisuguane kidogo mwanzoni, zizoeane. Zikiteleza tangu siku ya kwanza, hazishikani maisha. Mzee huyu," aligonga boneti, "anataka oili nzito ya kizamani. Ikishamzoesha, tunaimwaga."

Walizunguka maduka yote ya vipuri mjini, hawakuipata. Waliporudi mikono mitupu, Bi Chiku alitoka chumbani kwake na kopo lenye kutu, lililofungwa mdomo kwa kitambaa chekundu. "Hii ilikuwa ya baba yako," alimwambia mwanawe. Gaudence aliifikicha kidoleni, akacheka kwa furaha. Ilikuwa ndiyo hasa aliyoitaka. Hakuna aliyeuliza kuhusu kitambaa.

Tangu siku hiyo injini ilinguruma vizuri, na tangu siku hiyo Abdulhamid alianza kukauka. Hospitali walimwambia damu imepungua, wakamwongeza, ikapungua tena. Hawakuona inakokwenda.

Gaudence aliona. Tangu asubuhi ile ya stiki alipita kila siku kupima, na kila oili ilipopanda, kijana alikuwa ameshuka. Alasiri moja alikuwa uani, ufunguo wa gari uko mfukoni mwa Abdulhamid aliyelala ndani, boneti iko wazi, betri imefunguliwa na kuwekwa chini, na hapo hapo honi ya gari ikalia mara mbili, fupi, kama mtu anayefika kwake na kutaka afunguliwe geti, harufu ya ugoro ikajaa uani, springi za kiti cha dereva zikalia kama zinavyolia mtu mzito anapoteremka, changarawe zikasagika hatua kwa hatua kuelekea chumba cha Bi Chiku, na fundi, aliyekuwa amesimama njiani, akahisi bega lenye joto la injini likimsukuma taratibu ili apite.

"Yesu na Maria," alinong'ona.

Pazia la chumba lilijifunua lenyewe. Ndani, Bi Chiku alikuwa ameketi mkekani, sahani mbili mbele yake, kajipaka hina, akicheka kwa sauti ya chini na mtu asiyeonekana.

Gaudence alisubiri mpaka Bi Chiku alipotoka na sahani. Zote mbili zilikuwa tupu.

"Shikamoo mama. Ile oili ilitoka wapi?"

"Marahaba." Alitazama chini. "Sema polepole. Mzee alikuwa na jini, mlinzi wake wa barabarani. Alipougua alimfungia humo koponi, ndani ya oili. Akaniambia, hii si ya gari, Mama Abdu, nikifa kopo hili kalizike."

"Na hukulizika!"

"Nilitaka nisikie honi yake tena, baba. Basi."

"Mama, mwanao anakufa!"

Bi Chiku aliweka sahani moja juu ya nyingine. "Mume wangu amekufa na anakuja kula na mimi," alisema. "Mwanangu yu hai, haji."

Gaudence alikuwa Mkristo, lakini ndiye aliyekwenda kumleta Shehe Abdulswamadu kutoka Namtumbo. Shehe alisoma mpaka jasho likamlowesha kanzu, gari likitikisika pale pale liliposimama. Kisha akamgeukia mjane.

"Huyu si mumeo. Anaijua sauti yake tu. Wewe ulimfungulia, wewe umwambie aondoke."

Ndani ya gari sauti ikamwita kwa Kiyao, kwa jina la unyumba ambalo hata mwanawe hakulijua. Bi Chiku alilia. Alilia vibaya, hadharani, kama siku ya mazishi. Kisha akasema, "Nenda. Sina mume."

Gaudence akafungua nati ya chini ya injini. Oili ilitoka nyekundu.

Shehe aliagiza yote izikwe. Lakini pale Matogoro oili chafu haimwagwi hivi hivi, watu huipaka nguzo kuzuia mchwa. Kwa hiyo wanaume walipokwenda kuchimba shimo, na Bi Chiku akamwambia jirani aliyebaki kushika beseni, "Nichotee kidogo, mchwa wanamaliza banda la kuku," alichotewa nusu kikombe bila swali.

Wiki haikuisha, Abdulhamid akarudiwa na rangi. Alimshika mama yake mikono yote miwili. "Mama, nisamehe. Jumapili nakula kwako."

Jumapili Bi Chiku alipika wali wa nazi na kuku. Alifunika, akasubiri. Adhuhuri ikapita. Alipochungulia uani, Pijo halikuwapo. Mwanawe alikuwa amelitoa kwenda kuwaonesha marafiki.

Bi Chiku alirudi chumbani, akainama, akavuta kikombe uvunguni. Banda la kuku hakuwa amelipaka hata nguzo moja. Kile kikombe alichokiweka nusu kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, na kilikuwa cha moto.

Simu ikaita.

"Mama," Abdulhamid alisema, pumzi zikimkatika. "Nimesimama njiani, huku Namtumbo. Kile kizunguzungu... kimerudi. Mama, ile oili si mliizika yote?"

Nje ya geti, mahali pasipokuwa na gari, honi ililia mara mbili.

"Pumzika, mwanangu," alisema Bi Chiku.

Akakata simu, akatandika mkeka, akapakua wali sahani mbili.