Kioo cha Gari la Kwanza

Kila Jumamosi asubuhi, nyundo zilipoanza kulia na wateja kumiminika getini mwa yadi ya magari mabovu, mjukuu wa kike alimpelekea bibi yake chai ndani ya gari la kwanza, lililosimama kando ya geti. Bibi alikaa kiti cha nyuma, mtandio wa zambarau mabegani, naye mjukuu akafuta vioo, ovaroli ya buluu ikimpwaya.

Asubuhi hiyo kichwa cha kijana kikachungulia dirishani.

"Shikamoo, bibi. Hili linaelekea mjini? Mimi nitakaa mbele."

Bibi alimeza chai taratibu. "Marahaba. Safari lilikuwa nayo, mwanangu. Ila dereva alishafariki, na injini ilimtangulia."

Mjukuu alicheka hadi kitambaa kikamponyoka. Kijana akainama, akaona gari halina magurudumu, limekalia mawe. Alikuwa kinyozi, shati jeupe limenyooka kwa pasi. Aliponyanyua macho akakutana na ya msichana mwenye doa la grisi shavuni, na safari ya mjini ikamtoka kichwani.

"Kwa kweli nilikuja kununua spea," alisema. "Kioo hiki cha pembeni."

"Hicho hakiuzwi," bibi alijibu. "Babu yake huyu alikuwa ananipeleka kwao, bi harusi mzima, gari likazimika hapa hapa. Akakataa kuliacha. Akanunua bovu jingine achomoe vipande vya kulitengenezea hili, halafu jingine. Hili halikuwaka, lakini watu wakaanza kuja kutafuta spea, na yadi ikazaliwa. Sasa kipande cha gari hili hupewa anayeoa au kuolewa kwetu tu. Mama yake huyu alipewa kisahani cha majivu, anawekea sindano."

Kinyozi aliondoka na kioo cha gari jingine. Jumamosi iliyofuata alirudi kutaka kitasa, kisha usukani. Jioni simu zikaanza.

"Malkia wa spea, umeshanawa grisi?"

"Nimenawa. Wewe umeshanyoa watu vipara?"

"Wawili tu. Wa tatu nilikuwa nakuwaza, nikamkata nusu ya sharubu."

Mjukuu, ambaye mbele ya wateja sauti yake ilikuwa ya kunong'ona, alicheka mpaka mama yake akagonga mlango.

Kisha siku moja, wakila chakula cha mchana, baba aliweka kijiko chini.

"Huyo kinyozi wako ana gari gani? Kioo kachukua cha gari dogo, kitasa cha lori, usukani wa basi. Hakuna gari la hivyo duniani. Mwanangu, huyo ni mlanguzi. Anachukua kwetu, anauza kwingine."

Kwenye yadi ile hapakuwa na kosa kubwa zaidi. Mlanguzi hakuvuka geti mara mbili. Mjukuu alijua aina za vitasa kuliko alivyojua majina ya binamu zake, lakini kila mara kinyozi aliposimama mbele yake, alitazama meno ya kijana huyo yakicheka, si alichobeba. Alimpigia simu.

"Niletee gari lako nilione."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Usiniulize hilo, mpenzi. Nitaona aibu."

"Basi usije tena," alisema, akakata, akalia, uso kwenye mkono wa ovaroli.

Jumamosi kinyozi alikuja, jasho limelowanisha shati jeupe, akisukuma mkokoteni. Ndani yake kulikuwa na kila kitu alichonunua, kimefungwa kwa taulo za saluni. Wateja wakaacha kupatana bei.

"Mzee, shikamoo," alimwambia baba. "Sina gari. Hata kuendesha sijui. Vitu hivi vimerundikana nyuma ya kiti changu, wateja wananiuliza kama siku hizi nanyoa malori. Nilikosa sababu nyingine ya kuja hapa."

Baba alijitahidi kukunja uso, akashindwa. Kicheko chake kikagonga mabati yote ya yadi.

"Usukani wa basi!" alisema, akifuta machozi. "Ulikuwa unaubeba vipi?"

"Shingoni, mzee."

Lakini mjukuu hakucheka. Kinyozi akaanza kushusha vitu, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayesubiri kuzuiwa. Bibi akakohoa garini.

"Mjukuu wangu, leo sikusemei. Chai yangu inapoa."

Mjukuu alichomoa bisibisi mfukoni. Alikwenda kwenye gari la kwanza, akafungua skrubu zenye kutu za kioo cha pembeni, akakipangusa kwa mkono wa ovaroli. Akakiweka mikononi mwa kinyozi.

"Unajua maana yake?" baba aliuliza, sauti imelainika.

"Najua," alijibu mjukuu, akamgeukia kinyozi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikafika hadi getini. "Nakupenda. Nataka uje bila kununua chochote, na ukija, ubaki. Nioe."