Springi za Pikapu ya Marehemu Mzee Gitari

YAH: OMBI LA KUIDHINISHWA KUINULIWA KWA SEHEMU YA NYUMA YA GARI DOGO LA MIZIGO (SEHEMU YA MBELE ISIGUSWE).

Ndivyo fomu ilivyosema. Njue aliijaza vizuri mpaka alipofika penye "Aina ya mzigo uliolemea gari". Akaandika: hakuna. Karani akamrudishia, akamweleza kwa upole kwamba serikali haiwezi kuidhinisha hakuna. Akaandika mchanga. Fomu ikagongwa muhuri.

Bila pikapu hiyo, mkewe Nelius asingefika Embu kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Nayo ilikuwa imechuchumaa nyuma mpaka taa za mbele zikawa zinamulika mbingu. Askari wa barabarani walikuwa wamempa hadi Ijumaa: iinuke au iegeshwe.

Jumanne jioni, wakitoka hospitali, wakapitia kwa fundi Gedion pale Gachoka. Nelius akaketishwa kwenye kigoda, leso mabegani. Gedion akajiingiza chini ya gari, akachungulia, akacheka.

"Mzee, hii umebebea nini? Kanisa pamoja na waumini?"

Njue naye akacheka, kwa adabu tu.

Baba yake, mzee Gitari, aligombania shamba na jirani. Wazee wakamtaka asimame shambani humo, aape kwamba udongo anaoukanyaga ni wake. Akaja na pikapu hii, nyuma ametandaza udongo wa nyumbani kwake. Akasingizia goti, akaapa akiwa huko huko juu ya gari. Uongo hakusema. Shamba akapewa.

Hakumaliza mwaka. Siku aliyokufa, pikapu ilishuka nyuma. Akafuata Nyamu, kaka yake Njue. Ikashuka. Akafuata Cicily, dada yao. Ikashuka tena. Njue alikwenda kulirudisha shamba. Ofisini wakamwambia hakuna fomu ya kurudisha ulichoshinda kihalali.

Gedion aliongeza majani mawili ya chuma kwenye springi, akakaza nati, akashusha jeki. Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya maduka. Pikapu ikasimama juu, imenyooka kama siku ilipotoka dukani.

"Baba Wanjira," Nelius akasema, akitabasamu, "Ijumaa tutafika."

Kisha ikaja harufu. Udongo mbichi, uliofukuliwa sasa hivi... Na Gachoka haikuwa imeona mvua tangu Mei.

Nyiiik.

Nyuma ikashuka upana wa kidole, vile gari linavyoshuka mtu akishika ubavu na kupanda.

Hapakuwa na mtu.

Nyiiik... Nyiiik.

Gedion akarudi kinyumenyume, spana mkononi. Utani ulikuwa umemwisha.

"Mzee," akanong'ona, "ni wangapi hawa?"

"Watatu. Ni wa kwetu," Njue akasema. "Ni watatu tu."

Wakasubiri. Barabarani pikipiki ikapita, ikapotelea upande wa Kiritiri. Springi zikatulia. Njue akaanza kuvuta pumzi...

Nyiiik.

Hakutaka kugeuka.

Akageuka.

Nelius alikuwa amekufa kwenye kigoda, saa kumi na mbili na nusu jioni, macho wazi.