Nilimpa Dada Ufunguo kwa Mkono Wangu, Akakataa Kunifungulia

"Nizar, mlango sifungui."

Dada yangu aliniambia hivyo siku ya nne. Yeye nje, mimi ndani, na ufunguo nilikuwa nimempa mwenyewe.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwenye komenti: mwanaume mzima, si angevunja mlango?

Ndugu yangu, siku hiyo hata kikombe cha maji nilikuwa nakishika kwa mikono miwili.

Subirini niwape toka mwanzo.

Naitwa Nizar, miaka thelathini na mbili, nachoma manakishi, ile mikate bapa ya Kilebanoni, kwenye tanuri moja hapa Burj Hammoud, Beirut. Miaka miwili nyuma niliteleza na gunia la unga mgongoni. Daktari akaniandikia tramadol, vidonge vya maumivu, viwili kwa siku.

Mgongo ukapona. Mimi ndiye sikupona.

Nilipoamua kuacha nilikuwa nameza kumi na vinne kwa siku, na bado asubuhi naamka natetemeka kama nimemwagiwa maji ya barafu.

Ng'ambo ya mto kuna kituo, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Wanatibu watu wa vidonge, wana washauri wa mambo ya akili, na wanawapokea watu kama mimi bila kukunja uso. Watu kama mimi, yaani wanaume wanaopenda wanaume. Unalipa kadiri ya mfuko wako. Kwa hiyo foleni yake si mchezo.

"Wiki sita," mshauri mmoja anaitwa Rola aliniambia. "Na nakuomba, usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili unaweza kukugeuka."

Nikaitikia kwa kichwa, nikaandikisha jina. Nikatoka pale nikijiambia, wiki sita hizo watanikuta nimeshazikwa.

Jumapili nikamfuata dada.

Hiyam kanizidi miaka tisa. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenivalisha, akanilisha, akanichapa. Nilikuwa bado naishi kwake. Habari za vidonge alikuwa anazijua. Ile habari nyingine... hapana.

"Nifungie chumbani siku kumi," nikamwambia. "Hata nikilia usifungue. Hata nikikutukana."

"Una uhakika?"

"Chukua na simu. Chukua na viatu."

Akachukua vyote. Akanibusu kwenye paji la uso, akafunga.

Siku tatu za kwanza sitaki kuzisimulia sana. Nilitapika mpaka kitu cha njano. Miguu ilikuwa inapiga teke godoro yenyewe, mimi siiamuru. Jasho, baridi, jasho. Hiyam alikuwa anaingia na supu ya dengu, anabadilisha shuka, anafunga. Nilimwomba anifungulie nadhani mara mia. Akakataa mara mia, kama tulivyokubaliana, na moyoni nilikuwa namshukuru.

Jumatano asubuhi supu haikuja.

Nikagonga.

Nikagonga tena.

"Shadi ni nani?" sauti yake ikauliza kutoka nje.



"Ni rafiki."

"Rafiki anaandika hivi?" Akanisomea polepole kutoka kwenye simu yangu, kama mtoto anayejifunza kusoma. "'Siku kumi si nyingi kwa mtu ninayempenda. Nipo.' Rafiki gani huyo, Nizar?"

 

Hapo ndipo aliposema mlango hafungui.

"Nimempigia Mjomba Adnan," akaongeza. "Anakuja Jumamosi kukupeleka kijijini. Anamjua mtu anayetibu. La vidonge na hili lingine, yote atakutoa kwa pamoja."

"Dada, nina miaka thelathini na mbili."

"Na mimi nina mdogo mmoja tu duniani."

Nikasikia ndara zake zikiondoka.

Jamani, yule mtu wa mjomba nilishamsikia. Kuna kijana wa kule alipelekwa kwake, aliporudi hakuwa anamtazama mtu usoni. Mpaka leo hatazami.

Nikakaa sakafuni. Chumba hatua nne kwa hatua tatu. Kitanda, kabati, dirisha la juu, na kibaraza kidogo ghorofa ya nne. Kibaraza changu na cha jirani vimetenganishwa na kipande cha bati. Chini ni nyaya za jenereta, zimetandana kama utando wa buibui.

Kinachouma si kufungwa. Kinachouma ni kwamba nikipiga kelele, jengo zima litakuja kuuliza kisa. Na Hiyam atawaambia kisa.

Yaani nilikuwa nimefungiwa, halafu na mdomo wangu nimeufunga mwenyewe.

Alhamisi saa tano nikasikia simu yangu inaita sebuleni. Nikabandika sikio mlangoni.

"Nizar hayupo," Hiyam akasema. Kimya kidogo. "Amesafiri. Mimi dada yake." Kimya tena. "Kesho saa nne? Nimekwambia amesafiri, mama, huelewi Kiarabu?"

Akakata.

Nilielewa ni kituo kilichopiga. Kuna mtu kajitoa kwenye foleni, nafasi imeangukia kwangu. Kesho saa nne asubuhi, na usipotokea anapewa mwingine, unarudi mkiani.

Nikaupiga mlango kwa viganja mpaka vikawaka moto. Nakumbuka nilikuwa namwita, "Dada, dada." Baada ya hapo sikumbuki kitu. Nilikuja kuzinduka jua limeshageuka, niko kitandani, ulimi unauma, mdomoni nina ladha ya damu.

Ijumaa saa mbili na nusu nikasikia zipu ya pochi yake, nikasikia mlango mkubwa unafungwa. Hiyam katoka. Siku zote tano hakuwa ametoka.

Nikajua ndiyo sasa hivi au basi.

Nikatoka kibarazani, peku. Nikalisukuma lile bati. Halikwenda. Nikalipiga bega, kona moja ikafyatuka, pakapatikana upenyo wa kupitisha mtu, lakini kwa nje, juu ya nyaya. Nikashika chuma kwa mikono isiyoaminika. Mguu mmoja ukatangulia. Nikatazama chini... kosa kubwa. Nikafumba macho, nikapita.

Upande wa pili alikuwa amekaa Tanti Arpine, shangazi wa jengo zima, mjane wa Kiarmenia, fundi cherehani, pini tatu mdomoni. Kiarabu chake hakijawahi kunyooka.

Akazitoa pini moja moja, hana haraka.

"Mimi nasikia wewe lia siku tano," akasema. "Kwa nini hapana kuja jana?"

"Tanti, nahitaji viatu."

Hakuuliza vya nini. Akaleta vya marehemu mumewe, vikubwa kama mitumbwi, akajaza vitambaa kwenye ncha.

"Vaa. Toka mlango yangu. Kama Hiyam uliza, mimi hapana ona mtu."

Nilifika kituoni saa nne na dakika ishirini. Ngazi za ghorofa mbili nilizipanda nikipumzika mara tatu. Rola alikuwa mapokezi. Aliponiona akasimama.

"Nizar? Ilikuwa nije nyumbani kwako sasa hivi."

"Nafasi yangu imekwenda?"

"Haijaenda. Dada yako ameikalia tangu saa tatu."

 Nikajua nimekwisha. Kanitangulia, kaja kuwatukana, labda na mjomba yuko humo humo. Nikageuka nisepe, lakini viatu vya marehemu vikanigomea, nikajikwaa, nikapiga goti.

Mlango wa ndani ukafunguka.

Hiyam. Macho mekundu, kitambulisho changu kakishika kwa mikono miwili kama trei ya kahawa.

"Umetokaje?" akauliza.

"Umefika vipi huku?"



"Jana ulianguka," akasema. "Hukumbuki. Nilisikia kishindo, nikafungua, nikakuta unarukaruka sakafuni, povu mdomoni. Nilidhani ndiyo unakufa mikononi mwangu. Nilimpigia mjomba kwanza. Akasema nikumwagie maji, na nisimwambie mtu."

Akakigeuza kitambulisho mkononi.

"Nikaipigia ile namba ya hapa. Nilitaka kuwatukana, kwamba ninyi ndio mliomharibu. Huyu mama Rola akaniacha nimalize. Halafu akaniambia, mlaze ubavu, anapumua? Akakaa na mimi kwenye simu mpaka ukapumua vizuri. Mwishoni akaniuliza mimi nimelala saa ngapi wiki hii."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Kwa nini ukanifungia tena?"

"Nilitaka kwanza nije niwaone ni watu gani." Akaangalia chini. "Na niliogopa ukijua, utakimbilia kwa yule."

"Mjomba je?"

"Nimemwambia una surua. Hatakuja mwaka mzima, anaogopa surua kuliko kifo."

Nilicheka, jamani. Nilicheka huku nalia, nimepiga goti, nimevaa viatu vya mtu mwingine.

Akainama akanishika kwapani, akaninyanyua.

"Nizar, hili lingine mimi sijalielewa," akaninong'oneza. "Sijui kama nitalielewa. Usinilazimishe leo. Ingia, watu wanakusubiri."

Leo ni mwezi wa saba tangu siku hiyo. Sikuacha kwa ushujaa. Niliacha kwa kupunguziwa taratibu, kwa dawa ya kituoni, na kwa kukaa na Rola kila Jumatatu nikieleza vitu ambavyo sikuwahi kuvitamka kwa sauti. Nilivirudia vidonge mara mbili, nikarudi kituoni, hakuna aliyenifukuza.

Nimepanga chumba changu. Hiyam jina la Shadi bado hajalitaja, anamwita "yule". Ila Jumapili iliyopita alinitumia sufuria ya mulukhiyah, ule mlenda wa kwetu, na kuku. Nilipoifunua nikaona ni ya watu wawili. Hakusema ni ya nani, na mimi sikuuliza.

Na kila Jumatano huwa anakwenda kituoni peke yake, kwenye kikao cha ndugu za wagonjwa. Rola aliniambia, kwa ruhusa yake, kwamba siku ya kwanza alisema, "Mimi dada yake Nizar, nilimfungia." Mama mmoja aliyekaa pembeni akajibu, "Wa kwangu alikuwa msichana. Mimi nilimfungia miezi miwili."

Sasa wewe unayesoma hii umejificha chooni ili wenzako wasione. Nakujua, nilikuwa wewe.

Usiache ghafla, na usijifungie. Anayekupenda si lazima ajue kutibu, na akiogopa anaweza kukuua huku anakulilia. Watafute wanaoijua kazi hiyo. Wakikwambia wiki sita, andikisha jina leo, kaa kwenye foleni, wapigie kila siku ukizidiwa. Mimi nilidhani wiki sita ni nyingi.

Siku tano za kile chumba zilikuwa ndefu zaidi.