Niliichomoa Betri ya Pampu, Mume Wangu Akabaki Majini

Nina miaka arobaini na nne. Ni mjane, huu mwaka wa pili, naishi peke yangu Kiembe Samaki, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo marehemu mume wangu aliijenga kwa mikono yake. Watu wakiniona nimejifunga buibui langu nakwenda dukani wananionea huruma. Masikini, wanasema, alimuuguza mumewe miaka mitatu...

Hawajui! Leo nataka mjue nyinyi, wasomaji wenzangu, kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani na halitaki kushuka.

Mume wangu aliitwa Makame, mtu wa Tumbatu, fundi umeme wa majumbani. Alinioa nina miaka ishirini. Tulijaaliwa mtoto mmoja tu, Raya, ambaye sasa ameolewa Kidichi. Makame hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukitaka kujua kama anakupenda, utazame alichokutengenezea.

Barabara ya mbele yetu ilipojengwa upya iliinuliwa sana, na nyumba yetu ikabaki chini, kama iko ndani ya bakuli. Masika ya mwanzo baada ya hapo maji yaliingia mpaka vyumbani. Magodoro, unga, nguo za Raya, vyote viliharibika. Nililia siku ile. Makame alichukua sururu, akachimba shimo la kina cha kiuno kwenye ukumbi wa nyuma, pahala ambapo maji hukusanyika kwanza, akatumbukiza pampu. Pampu ile ilikuwa na boya: maji yakipanda, boya linainuka, pampu inajiwasha yenyewe na kuyasukuma nje hadi mtaroni.

Lakini Unguja yetu mnaijua... Mvua ikishika, umeme unakwenda! Kwa hiyo akaweka na betri kubwa juu ya rafu ya saruji, pamoja na inveta yake. Umeme ukikatika, inveta inalia mara moja, piii, halafu pampu inafanya kazi kwa betri.

Akanifundisha mwenyewe kuitunza. Kila mwezi nifungue vifuniko niangalie maji ya betri, yakipungua niongeze yale maji safi ya chupa, si ya bomba. Nisugue ule unga mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri, nikaushe, nipake grisi. Kisha nizime swichi kubwa ya nyumba, nimimine ndoo mbili shimoni, nisikilize kama pampu itaamka.

"Usimwachie mtu mwengine," alinambia. "Mie kutwa niko kazini. Wewe ndiye utakayekuwepo mvua ikija."

Nikaitunza. Wallahi, miaka mitano maji hayakuingia ndani.

Halafu Makame akapata kiharusi. Alianguka msikitini, akarudishwa nyumbani hana mguu hata mmoja unaofanya kazi. Mkono wa kushoto ukafa, wa kulia ukabaki. Ulimi ukawa mzito, lakini akili yake haikuguswa. Alianguka kitandani mara mbili, basi nikamtandikia godoro chini, sakafuni, ili asiumie tena. Nikawa namlisha, namsafisha, namgeuza kila baada ya saa mbili asiote vidonda. Mwaka wa kwanza nilifanya kwa mapenzi. Mwaka wa pili nilifanya kwa kuogopa watu watasema nini. Mwaka wa tatu... nilikuwa nafanya huku nimekunja uso, na yeye anauona uso wangu.

Je, nilimwambia mtu kuwa nimechoka? Hapana! Raya alikuwa akiniuliza kwa simu, "Mama, nije nikupokee wiki moja?" Namjibu hapana mwanangu, mie naweza. Nilitaka nisifiwe. Nilitaka watu waseme hakuna mke kama mimi.

Katika hali hiyo nikakutana na Seif.

Seif alikuwa na duka la juisi Bububu, kando ya barabara. Nilikwenda huko kwenye arusi ya jamaa, nikapita dukani kwake kununua juisi ya ukwaju. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka sita. Aliniuliza, "Bi mkubwa, mbona uzuri wote huo na macho yana huzuni?" Maneno ya mtaani tu, ya kila siku. Lakini mimi nilikuwa sijaambiwa neno kama lile muda mrefu. Nikacheka. Kicheko kile ndicho kilichoniponza.

Sitaeleza yote. Nyinyi ni watu wazima. Nilianza kwenda Bububu mara moja kwa wiki, kisha mara mbili. Nyumbani nasema nakwenda kusaidia kupika arusini, au nakwenda hitmani. Namwekea Makame chai na mkate karibu na mkono wake mzima, nafunga mlango kwa nje kwa kuogopa wezi, nakwenda zangu.

Siku moja Seif akanilalamikia. Betri ya dukani kwake imekufa, umeme ukikatika hana taa, hana feni, wateja wanakimbilia duka la jirani. Nami, bila ya kuombwa, nikafungua mdomo wangu: "Mbona kwangu ipo betri imekaa tu?"

Imekaa tu! Ndivyo nilivyosema.

Alikuja Ijumaa, wakati wanaume wako msikitini. Mimi mwenyewe nilifungua nati, nikaanza na waya mweusi kama Makame alivyonifundisha. Seif akaibeba kifuani hadi kwenye gari. Makame akasikia nyayo.

"Nani huyo?" akauliza chumbani, kwa ule ulimi wake mzito.

"Mtu wa gesi," nikamjibu.

Hakuuliza tena.

Baada ya siku tatu umeme ukakatika mchana. Nilikuwa namlisha uji. Akainua kichwa kidogo kama mtu anayesubiri mgeni. Kisha akanambia, "Inveta haikulia."

Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Imelia, hukusikia wewe. Masikio nayo yashaanza kwenda."

Akanitazama. Akafungua mdomo, akapokea kijiko cha uji. Mpaka leo nauona mdomo ule ukifunguka.

Masika yakaingia. Seif kila nikimwambia anirudishie betri ananijibu wiki ijayo, wiki ijayo. Nami sikumshikilia, kwa kuogopa atakasirika aniache. Nilijipa moyo: umeme ukiwepo pampu itafanya kazi. Kwani mvua zote zinakata umeme?

Alkhamisi moja asubuhi nikatoka tena. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa kusini. Makame akanambia, "Leo usende." Nikamwambia nimeshaahidi watu. Akasema tena, polepole, "Leo usende, mke wangu." Nikamgeuza ubavu, nikaweka chai, nikafunga mlango na kufuli.

Nilikuwa chumba cha nyuma cha duka la Seif mvua iliposhuka. Ilishuka kama mtu anamimina! Muda si muda umeme ukakatika Bububu nzima. Maduka yote yakawa giza ingawa ni saa tano za asubuhi. La Seif peke yake likawaka taa, feni ikaendelea kuzunguka. Wateja wakajaa. Akaja nyuma anacheka, akanambia, "Umeniokoa, Bi mkubwa."

Nami nikacheka! Nilikuwa nimeshika gilasi ya juisi, nimekaa chini ya feni inayozunguka kwa betri ya mume wangu, nikacheka.

Nilifikiria lile shimo, sikatai. Nikasema, labda Kiembe Samaki mvua ni ndogo. Nikasema, ngoja ipungue kwanza, nitalowa. Simu nilikuwa nimeizima tangu nilipofika. Nikakaa zaidi ya saa mbili...

Nilipofika mtaani kwetu mlango wa nyumba yangu ulikuwa umelala chini, umevunjwa. Watu wamejaa ukumbini, maji yanawafika magotini.

Jirani yangu, Bi Tatu, ndiye aliyemsikia. Alisikia chuma kinagonga chuma. Makame alikuwa amejiburura kwa mkono mmoja hadi dirishani, akalaza kichwa ukutani, na kwa kikombe cha bati alichonywea chai akagonga nondo za dirisha. Akagonga, akagonga... Alipochoka anakiachia kikombe, anashika nondo asizame, kisha anakitafuta tena majini. Bi Tatu alifikiri ni bati la paa linapigwa na upepo! Alipotambua, kufuli langu likamzuia. Mpaka wakapatikana vijana wa kuuvunja mlango, maji yalikuwa kidevuni.

Alikuwa wa buluu kwa baridi. Meno yanagongana. Godoro nililomtandikia lilikuwa linaelea mlangoni.

Kijana mmoja akatazama rafu akauliza kwa sauti, "Betri ya pampu iko wapi? Mbona nyaya zinaning'inia?"

Watu wote wakanitazama. Na hapo Makame, katikati ya kutetemeka kule, akasema, "Iko kwa fundi. Inachajiwa. Nilimtuma mimi aipeleke."

Alinisitiri! Mbele ya watu wote!

Alilazwa. Daktari akasema maji machafu yameingia kwenye mapafu. Siku kumi na moja nilikaa naye, na Raya akaja kutoka Kidichi na mimba yake ya miezi saba. Siku ya tisa Raya alitoka kutafuta chakula, nikabaki peke yangu na Makame. Nikaangua kilio. Nikamwambia nisamehe, kuna jambo sikukwambia.

"Nshajua," akasema. "Tangu Ijumaa ile. Mtu wa gesi gani anajipaka marashi?" Alitaka kucheka akakohoa. Harufu ya manukato ya Seif ilifika hadi pale sakafuni!

Nikamuuliza, kwa nini basi hukusema? Kwa nini hukunifukuza? Kwa nini umenisitiri?

Nilitaraji ataniambia kwa sababu nnakupenda. Wasomaji, nilikuwa natamani kulisikia neno hilo!

Makame akanitazama kwa yale macho yake matulivu.

"Ningesema ungeondoka," akanambia. "Ungeondoka, nani angenigeuza?"

Akafumba macho. Siku mbili baadaye alifariki dunia alfajiri, mkono wake umo mkononi mwa Raya, si mwangu.

Mnafikiri yaliishia hapo? Baada ya matanga, Raya alitaka nyumba ikaushwe na pampu ifanye kazi kabla ya mvua nyengine. Akatafuta betri. Majirani walimwambia baba alisema iko kwa fundi. Akazunguka kwa mafundi wote waliokuwa wakijuana na baba yake, mmoja baada ya mmoja, na tumbo lake lile. Hakuna aliyeipokea. Akarudi, akakaa mbele yangu. Mimi niko edani, nimevaa nguo za kizuka.

"Mama, betri iko wapi?"

Nilidanganya mara ya kwanza, nikadanganya mara ya pili. Mara ya tatu nikasema, iko Bububu, dukani kwa mtu nimemwazima. Alikwenda siku ileile. Seif alikuwa na wateja. Alimjibu bila ya kushusha sauti: "Mamaako kanipa mwenyewe. Muulize alikuwa akija kufanya nini huku." Na watu wakacheka.

Raya hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alirudi, akakunja kanzu za baba yake, akachukua na kofia zake mbili, akatoka. Seif mwenyewe hakunipigia simu hata kunipa pole. Kabla sijamaliza eda nikasikia ameoa.

Mjukuu wangu alizaliwa. Nilipata habari kwa Bi Tatu. Nikapika uji wa mzazi, wa pilipili manga, nikachukua na kanga mpya, nikaenda Kidichi. Mkwe wangu akanipokea mlangoni kwa adabu, "Shikamoo mama," lakini hakusogea nipite. Mtoto alikuwa analia ndani. Nikasikia sauti ya Raya, wazi kabisa, haina hasira: "Mwambie nimelala."

Nikaweka uji kizingitini nikarudi. Nimekwenda mara nne tangu siku hiyo. Mtoto keshaanza kutembea, wanasema. Mimi sijamuona uso.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi wanawake mnaouguza. Ukichoka, sema umechoka! Mwite mwanao, mwite wifi yako, mwite jirani. Hakuna aibu ndani yake. Aibu ni hii yangu. Mwenye kulala kitandani anakusikia, anakunusa, anakuhesabia hatua zako, na ananyamaza kwa sababu hana pahala pengine pa kwenda. Usikidhani kimya chake kuwa ni ujinga, wala kuwa ni msamaha.

Na kama kuna mtu kwenu asiyeweza kuinuka, kitu chochote kinachomlinda kisiguswe. Kiangalieni kila mwezi kwa macho yenu. Na mlango, nakuombeni, msiufunge kwa nje.

Mimi nimesamehewa na mtaa mzima kwa kosa wasilolijua. Wawili wa nyumbani kwangu waliolijua, mmoja nimemzika na mmoja hataki kuniona. Usifuate njia yangu, dada yangu. Ikiwa umeshaianza, rudi leo hii, angali yupo wa kukufungulia.