Mpira wa Breki wa Gurudumu la Kushoto

Jumamosi asubuhi duka la vipuri lilikuwa limejaa pomoni. Watu walibanana mbele ya kaunta, kila mmoja na chuma chake mkononi, na katikati yao alisimama mpima ardhi mmoja aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi likakakamaa kama karatasi. Yeye alishika mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta kwenda kwenye gurudumu, uliochunika ubavuni.

"Nataka mwingine kama huu," alisema zamu yake ilipofika.

Fundi wa breki aliyekuwa upande wa pili wa kaunta aliupokea. Alikuwa msichana mrefu mwenye ovaroli ya buluu, kitambaa chekundu kichwani na hereni ndogo zilizometameta kila alipogeuka. Aliugeuzageuza ule mpira.

"Huu ni wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Kwa mwaka?"

"Kwa mwezi huu."

Foleni nzima ikacheka. Fundi hakucheka.

"Kaka, ukinunua wa nne utarudi kununua wa tano. Huu haukuchakaa, umetafunwa na tairi. Umelishusha gari?"

"Kidogo. Na nimelifunga miguu ya mbele ya gari jingine. Lakini nilipima. Kati ya mpira na tairi kuna nafasi ya vidole vitatu. Kupima ndiyo kazi yangu."

"Ulipima gari likiwa wapi?"

"Juu ya jeki."

"Magurudumu yakining'inia?"

"Ndiyo."

"Basi umempima mtu suruali akiwa amelala. Siku akichuchumaa itapasuka."

"Dada," mzee mmoja akaita kutoka nyuma, "sisi tusio na mashati meupe tutahudumiwa lini?"

Fundi akainamisha uso kuficha tabasamu. "Nafunga saa saba," akamwambia mpima ardhi. "Niandikie unapokaa."

Gari lilikuwa uani kwa mama yake mpima ardhi. Marehemu baba yake ndiye aliyeanza kuliunda upya, na yeye akaapa kulimaliza. Mwaka wa tano sasa lilikuwa halijafika mbali zaidi ya kituo cha ukaguzi, ambako lilikataliwa mara mbili. Mama aliligeuza kamba ya kuanikia: siku hiyo boneti ilikuwa na shuka mbili na gauni la maua.

"Likikataliwa tena Ijumaa, namwita mtu wa vyuma chakavu," alimwambia mgeni kabla ya kumkaribisha. "Karibu, mwanangu."

Fundi alitoa springi, akaupandisha mguu wa gari kwa jeki mpaka ukafika mwisho, kama gari lililoingia shimoni. Akaupaka mpira wa breki chaki nyeupe.

"Zungusha usukani kushoto. Mpaka mwisho, usiuonee huruma."

Mpima ardhi akazungusha. Kwenye ubavu wa tairi ukatokea mstari mweupe.

"Umeona meno yake yalipo?"

Wakachungulia pamoja chini ya bawa la bati linalofunika tairi, vichwa vikikaribiana. Fundi alinukia sabuni na grisi.

"Unatokwa jasho," fundi akasema.

"Nimeshika jeki muda mrefu."

"Jeki nimeishika mimi."

Simu ya fundi ikaita. Akafuta mikono, akasogea hatua mbili.

"Naam, mume wangu. Umekula? Na dawa je? Nakuja, mpenzi, usininunie. Nani? Ah, ni mteja tu."

Mpima ardhi akainuka ghafla, akagonga kichwa kwenye bawa. Maumivu ya kichwa yalikuwa madogo.

"Dada, imetosha," akasema bila kumtazama. "Nitamalizia mwenyewe."

"Nimekukosea?"

"Hapana. Asante kwa kuja."

Fundi akakusanya spana zake moja moja, polepole, akimpa nafasi ya kubadili mawazo. Hakubadili.

Siku nne zilizofuata mpima ardhi alipambana peke yake. Alifunga mpira mfupi. Haukugusa tairi, lakini gurudumu liliponing'inia ulivutika kama uzi wa gitaa. Akafunga mrefu na kuuvuta pembeni kwa waya, waya ukakatika.

"Yule fundi mbona haji?" mama akauliza.

"Ana mume, mama. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Masikio hayohayo ninayoyaita kula mara nne? Mpigie. Mimi nataka kupelekwa sokoni kwa breki, si kwa dua."

Akapiga. Ikapokea sauti nzito ya kiume.

"Samahani, naomba kuongea na fundi."

"Mke wangu anaoga. Sema na mimi."

"Mimi ni... yule mteja wa breki."

"Wewe ndiye uliyemfukuza? Tangu Jumamosi anatia chumvi mara mbili, na mimi chumvi nimekatazwa na daktari."

"Nisamehe, mzee. Sikutaka kuingilia ndoa ya watu."

Kikasikika kicheko, kisha kikohozi, kisha kicheko tena.

"Mwanangu, wewe hukulelewa na babu?"

"Babu zangu walifariki kabla sijazaliwa."

"Pole. Sasa sikiliza. Huyu ni mjukuu wangu. Nimemwita mke wangu tangu hajaota meno, na mpaka leo kazi yake ni kunigombeza."

Alhamisi alasiri fundi akaja. Aliweka sanduku la spana chini kwa kishindo.

"Kwa hiyo ulinifukuza kwa ajili ya babu."

"Nilimwonea wivu."

"Ana miaka themanini na moja."

"Sauti yake nzuri."

Fundi alijaribu kununa, ikamshinda. Akavua hereni, akazitia mfukoni, akalala chini ya gari. Alikihamisha kishikio cha mpira, akakipandisha na kukirudisha nyuma kwenye fremu, akalikunja bomba la chuma lifuate. Akachagua mpira wa urefu wa kati, akaubana kwenye mguu wenyewe wa gari ili gurudumu likienda, nao uende. Wakapaka chaki upya. Juu, chini, kushoto mwisho, kulia mwisho. Tairi likabaki jeusi tii.

"Sema kitu," fundi akasema.

"Naogopa nitasema kingi."

Ijumaa mkaguzi alizunguka na tochi yake nusu saa, akatafuta kosa mpaka akachoka, akagonga muhuri.

Walipokuwa wakirudi, fundi kiti cha pembeni, mpima ardhi akasimama kwenye taa nyekundu. Alishika usukani kwa mikono miwili.

"Nataka kukuoa," akasema. "Najua ni haraka. Kama unataka muda, nitangoja."

Fundi akatazama mbele. Taa ikawa kijani. Hakuna aliyesogea. Nyuma honi zikaanza, na punde dereva wa lori la maziwa akashuka, akaja kuinama dirishani kwa fundi.

"Dada, gari limekufa?"

"Halijafa. Huyu kaka ananichumbia."

Dereva akamtazama mpima ardhi, shati lake na jasho lake.

"Basi mjibu, mama. Maziwa yangu yanapata joto."

"Mwambie nimekubali," fundi akasema, machozi yakimlengalenga. "Mimi sauti imekwama."

Dereva akaingiza kichwa ndani zaidi.

"Kaka, amekubali. Sasa toa gari."