Kipimo cha Jana

Kila asubuhi Warda aliteka maji, akaosha vyombo, kisha akateremka mtoni kusoma kipimo cha kina cha maji. Serikali ilikuwa imeipa shule yao, huko Umwe, vifaa vya sayansi, kikiwemo kipimo hicho, na ngoma mpya za kikundi cha sanaa. Ofisa aliyevikabidhi alisema hivyo navyo ni ulinzi wa nchi. Wanafunzi walicheka. Nchi gani hulindwa kwa ngoma?

Siku hiyo Warda alikuwa hoi. Mdogo wake aliugua usiku, naye akakesha akimuuguza. Mtoni hakwenda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mto unasemaje leo?" aliuliza Mwalimu Rozalia, aliyefundisha sayansi.

"Uko vilevile kama jana."

Mwalimu akampigia simu mwenyekiti wa kijiji: watu wa bondeni waendelee kuvuna.

Njia ya mwongo ni fupi. Wakati wa mapumziko, Nasibu wa darasa la saba alikuja mbio, suruali imelowa. "Maji yameshaingia mashambani!"

Warda aligeuka kutazama bondeni. Bibi yake, Hajira, alikuwa huko bondeni kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, na simu huko hazishiki. Angeweza kusema mto umepanda ghafla. Nani angejua? Lakini wangedhani maji ndiyo kwanza yanapanda, wakachelewa; naye alimwogopea bibi yake kuliko alivyoogopa fimbo.

"Mwalimu, nimekudanganya. Leo sikwenda mtoni."

"Hayo tutayazungumza baadaye. Chukueni ngoma!"

Kikundi cha sanaa kilikimbilia ukingoni mwa bonde kikapiga mdundo wa hatari, ule waliokubaliana na wakulima. Watu wakaanza kutoka mashambani, wengine na watoto mabegani. Bi Hajira alitoka wa mwisho, maji kiunoni, mikono mitupu. Mpunga wake wote ulibaki huko.

"Bibi, ni kosa langu," Warda alilia. "Nilichoka."

"Nami nimechoka, mjukuu wangu. Tangu kulima hadi leo."

Warda alitamani ardhi immeze.

"Ungeniambia umechoka, ningemtuma mwingine," alisema Mwalimu Rozalia kwa upole. "Serikali italeta vifaa, lakini vifaa havisemi kweli vyenyewe. Mlinzi wa nchi si mwenye bunduki peke yake. Ni yeyote anayeaminiwa na wenzake. Uchovu si aibu, Warda. Uongo ndio uliotuponza."

Mwaka huo, nyumbani kwa Bi Hajira, walikula mihogo.