Mbung'o wa Goweko

Pini zilikuwa zimebaki. Mbung'o hawakuwapo.

Inspekta Lugembe aliinama juu ya droo. Bertila, mtaalamu wa wadudu wa kituo hicho cha utafiti mjini Tabora, alisimama kando, mikono kiunoni.

"Afande, kweli tunafungua jalada la nzi?" aliuliza Sajenti Swaumu.

"Mali ya serikali, Sajenti. Acha kucheka."

"Mbona na wewe unacheka?"

Bertila aliweka mezani kisanduku cha kiberiti chenye mbung'o wakavu. Ofisi ya wilaya ilikuwa imemletea asubuhi awakague wadudu waliomo. Mtu asiyejulikana alikiacha mlangoni kwao na ujumbe: mbung'o hawa wamenaswa Goweko, kinapojengwa kijiji kipya cha ujamaa. Watu wanaoishi mmojammoja mashambani walikuwa wahamie humo wiki hiyo. Kwa hofu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, uhamisho ukasimamishwa.

"Una hakika ni mbung'o?" aliuliza Lugembe.

"Mabawa mawili, kama nzi wa jikoni. Ni ndugu zao. Lakini tazama yanavyolaliana, kama mkasi uliofungwa. Na mrija wa kunyonyea damu umechomoza mbele."

"Basi ujumbe ni wa kweli."

"Wa uongo! Hawa ni jamii ya kandokando ya maji. Niliwanasa mwenyewe kwenye mto Malagarasi. Goweko ni miombo mikavu, jamii hii haiishi huko. Halafu angalia kifuani."

Lugembe alichukua lenzi. Katikati ya mabawa, kila mdudu alikuwa na tundu. Alitwaa pini moja ya kwenye droo, akaipenyeza. Iliingia bila kusukumwa.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi, na karani wangu Raymundi."

Raymundi aliitwa.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Goweko."

"Mbung'o wa Malagarasi wamefikaje kwenu?"

"Si wana mabawa, Afande?"

"Wameruka na matundu ya pini vifuani?"

Swaumu alikohoa kuficha kicheko. Raymundi aliketi bila kukaribishwa.

"Ni mimi."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Unapinga ujamaa?"

"Sipingi! Kadi ya TANU ninayo mfukoni."

"Sasa?"

"Mama yangu, Minza, haoni. Tangu sijaanza shule. Lakini pale kwake anateka maji mwenyewe, anapalilia karanga zake, mbuzi akipotea anamfuata hadi anamrudisha. Nyayo zake zinajua kila kisiki. Wageni wakiambiwa haoni, wanadhani tunawatania." Alijifuta uso kwa kiganja. "Pale kwake mama si kipofu, Afande. Mkimhamisha ndiyo atapofuka."

Bertila alifunga droo taratibu.

"Wizi ni wizi," alisema Lugembe. "Sajenti, andika maelezo yake. Hayo ya mama usipunguze hata neno. Mkuu wa Wilaya atayasoma leo, na mimi nitakaa mbele yake mpaka amalize."